Sekunde Hamsini

Nilianza kwa mbwembwe, nakiri.
Kichwa cha habari kiliingia kikizunguka kama pia,
herufi moja moja, kila moja na mlio wa kamera,
na neno MFONGO likadunda mara tatu
kabla halijatulia.

Nilifundishwa na Ndekirwa, kwenye steshenari yake Mbuyuni, Moshi mjini,
kati ya mashine ya fotokopi na pazia la picha za pasipoti.
"Kila kitu kiingie kwa mlango wake," aliniambia,
"ila mgeni asiyetulia kitini huwachosha wenyeji."
Sikumsikia.
Nilikuwa na madoido arobaini ya kuchagua
na ukumbi wa usharika, huku kwetu Mamba, kwa siku moja.

Ajenda ilikuwa zamu za maji.
Nikachora mlima kwa pembetatu,
vihamba kwa visanduku vya kijani, kumi na tisa, kila kimoja na jina la mwenyewe,
kisha mfongo: mstari wa buluu
niliouamuru ujifunue kutoka juu.
Nikabofya.
Maji yakashuka kutoka banioni hadi kihamba cha mwisho
kwa sekunde mbili.

Makofi.
Mwenyekiti Lyatuu, kisanduku cha pili kutoka juu,
alipiga hadi saa yake ikamvuka kiganja.

Aikande, kisanduku cha mwisho, hakupiga.
"Hayo ni maji ya wapi?
Zamu yangu inafunguliwa Jumanne saa kumi alfajiri.
Yananifikia Alhamisi, tena tope la kukandikia ukuta.
Hiyo mashine yako haijui kuchelewa?"

Wakacheka. Mimi nikanyamaza,
kwa sababu inajua.
Pembeni, upande wa kulia, kuna kidirisha
ambacho mwenye haraka hakifungui:
muda wa kuanza, muda wa kudumu,
na chini yake neno moja kavu,
kuchelewa.

Usiku ule nilifuta mizunguko yote.
Nikaua mlio wa kamera. Herufi zikakaa chini.
Nikaukata mstari vipande kumi na tisa,
nikapiga simu nyumba kwa nyumba:
kwako yalifika saa ngapi? yaliondoka saa ngapi?
Wengine walijibu kwa dakika, kama watu walioliwa mahindi.
Mmoja alikata simu.
Saa moja nikaifanya sekunde moja.
Kila kipande nikakipunguza unene kidogo, kama walivyoniambia,
na cha mwisho nikakipaka kahawia.

Mkutano wa pili, nikabofya.

Kisanduku cha kwanza kikajaa, kikatoa.
Cha pili kikajaa.
Cha pili kikaendelea kujaa.

Feni ya projekta ndiyo iliyosikika, na kiti kimoja cha plastiki.
Sikuweka mshale. Sikuandika neno lolote
kuhusu bwawa la sato lililojengwa kwa saruji
nyuma ya migomba ya mtu.

"Imeganda," akasema kijana wa mlangoni.
"Haijaganda," nikamjibu. "Ni Jumatano."

Hapo hakucheka mtu.
Midomo ya Aikande ilikuwa inahesabu,
thelathini na nane, thelathini na tisa,
na mstari ukaanza kuteremka, mwembamba,
ukikwama, ukipita, ukikwama,
mpaka sekunde ya hamsini
uzi wa kahawia ukaingia kisanduku cha mwisho
kwa kufifia tu, bila mlio,
kama mtu anayeingia kwake akijua hakuna chakula.

Mwenyekiti akakohoa.
Akasema muda umetutupa mkono,
twende kwenye mengineyo,
na kijana wetu, safari ijayo, aongeze mwendo kidogo.

"Rudisha mwanzo," akasema Aikande.
"Kuna waliokuwa wanatazama simu."

Nikawatazama wote kumi na tisa.
Nikarudisha.
Jumanne, saa kumi alfajiri.
Nikabofya.